Mama Mkwe Afungua Friji

Fundi cherehani na mumewe walikubaliana kwamba hakuna atakayejua. Walikuwa wamesubiri mtoto kwa miaka, na maswali ya watu yalikuwa yamewachosha. Kwa hiyo walipoanza matibabu ya kupandikiza mimba, waliaga tu kwamba wanakwenda kupima presha.

Daktari aliwaeleza bila kuwazungusha. Kwanza sindano za kila jioni, za kukuza mayai. Kisha mayai yatolewe, yakutanishwe na mbegu za mume maabarani, na kiinitete kikikua vizuri kirudishwe kwenye mji wa mimba.

"Na inaweza isishike," alimalizia. "Nawaambia mapema msije mkadhani mmekosea kitu."

Kazi ya kuchoma sindano ilimwangukia mume. Alikuwa mchomeleaji wa mageti, mwenye maneno mengi mpaka karakanani wakamwita Redio. Lakini kila akishika bomba la sindano, sauti ilimkauka.

"Choma basi," mkewe alimwambia, ameibana ngozi chini ya kitovu. "Si unachoma vyuma kutwa nzima?"

"Vyuma haviumii."

Alichoma amefumba jicho moja, kisha akapapuliza pale kama anapoza chai.

Siku moja mama yake Redio alikuja bila taarifa. Alikwenda jikoni kutafuta maji baridi kwenye friji, akarudi na boksi la sindano, uso umemshuka.

"Ni sukari? Nani mgonjwa? Msinifiche, wanangu."

Redio alimtazama mkewe. Fundi akavuta pumzi, akaeleza yote, huku akikunja na kukunjua kipande cha kitambaa. Alisubiri kusikia alichokiogopa siku zote: kwamba huyo atakuwa mtoto wa madaktari.

"Inauma?" mama mkwe aliuliza.

"Sindano zenyewe kidogo tu, mama. Ila tumbo limejaa, na nalia ovyo. Juzi nimelilia zipu."

"Zipu?"

"Iligoma kufunga."

Mama mkwe alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikageuka machozi. "Na mimi kila nikija nakuuliza lini, lini. Njoo hapa, mwanangu." Akamvuta kifuani.

Siku ya kutoa mayai, fundi alilazwa usingizi. Alipoamka, mdomo mkavu na tumbo likimvuta, aliwakuta mama na mwana kila mmoja upande wake. Viinitete viwili vilikua vizuri. Kimoja kiligandishwa, kingine kikarudishwa siku chache baadaye, na hapo kilichomtesa ni kibofu tu, maana alitakiwa kwenda kimejaa. Kwenye skrini ilionekana nukta nyeupe.

"Ndiyo hiyo?" Redio alinong'ona.

"Ndiyo hiyo," daktari alisema.

Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu. Kabla hata ya siku ya kipimo, damu ilikuja, na baada ya kipimo nesi akathibitisha kwa simu kwamba mimba haikushika. Fundi alijifungia bafuni. Redio akakaa sakafuni, mgongo mlangoni.

"Labda ni kwa sababu nilisogeza cherehani," sauti ilitoka ndani.

"Hujakosea kitu. Daktari alisema."

"Najua alisema. Niambie tena."

Akamwambia tena. Akamwambia tena na tena, mpaka kitasa kikazunguka.

Walipumzika miezi kadhaa. Fundi alishona, alilala, alirudi kucheka. Kisha siku moja akasema mwenyewe kwamba yuko tayari kwa kile kilichogandishwa.

Safari hii damu haikuja. Kipimo kilionyesha mimba imeshika, nao wakaogopa kufurahi. Wiki kadhaa baadaye walirudi watatu kwa ajili ya picha ya tumbo. Daktari aligeuza skrini. Ndani ya kivuli kidogo, kitu kilikuwa kikipwita harakaharaka.

"Moyo huo," alisema.

Redio alilia waziwazi, bila kujifuta. Fundi hakuondoa macho kwenye skrini.

"Mbona unakwenda mbio hivyo?" mama mkwe aliuliza kwa wasiwasi.

"Ndivyo unavyotakiwa, mama."

"Haya," alisema, akimpapasa mkwewe nywele. "Basi mwacheni akimbie."