Kuonja Mbele ya Wageni

Mimi ni mnene. Nianze na hilo, maana najua ndilo mnalolisubiri. Unene wenyewe ni wa kurithi. Mama yangu alikuwa hivi, bibi yangu alikuwa hivi, na wote walipanda vilima vya Igamba na debe la kahawa kichwani wakawaacha wembamba njiani wanatweta. Mwili wangu haujawahi kuwa habari kwa mtu, mpaka mtoto niliyemlea mwenyewe alipouweka kwenye televisheni.

Naitwa Imelda. Nina mgahawa hapa Tunduma, jirani na yadi wanapolala madereva wa malori wakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Siku za kazi nawapikia madereva, mwisho wa wiki napika kwenye shughuli za watu: harusi, kipaimara, msiba. Angel ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Alikuja kwangu anatambaa, akaotea meno kwangu, akajifunzia kula kwenye kijiko changu. Ananiita mama, hana mwingine wa kumwita hivyo. Alipopata kazi ya televisheni huko Dar es Salaam nilizunguka mtaa mzima natangaza, utadhani nimeshinda udiwani.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri. Ukoo wetu una mila yake. Kwenye shughuli, mgeni hali mpaka aliyepika ale kwanza mbele ya watu wote, kutoka kila sufuria. Unachota, unatafuna, unameza. Maana yake ni kwamba humu hamna sumu wala kinyongo, na kama ni kufa, atangulie mpishi. Wengine hufanya hivyo kwenye pombe tu, sisi ni kwenye kila kinacholiwa. Na huonji kwa kudonoadonoa kama kifaranga, maana mwonjaji wa kudonoa anawatia watu shaka. Unachukua tonge la kueleweka. Mama alipofariki mwiko wake ulikuja kwangu, na kuonja kukaja kwangu. Wengine wana mashamba, wengine wana malori. Mimi nilikuwa na hilo, kwamba watu wazima na heshima zao wanashika sahani tupu wakinisubiri mimi nimeze.

Angel alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa anasimama pembeni yangu, mdogo, ananishikia beseni la kunawa.

Basi msimu wa kahawa uliopita akaja na kijana wa kamera anaitwa Dennis. Shoga yangu Tulinagwe alikuwa na kipaimara cha mwanawe kule Igamba na mimi ndiye mpishi.

"Mama," Angel akasema, "nataka nchi nzima ikuone. Tunatengeneza kipindi cha chakula."

"Kinaitwaje?"

"Kabla na Baada."

"Kabla ya nini, baada ya nini?"

Akacheka, akanikumbatia. "Kabla ya kupika na baada ya kupika, mama. We nawe kwa maswali!"

Nikaamini. Ningeachaje kuamini? Nikavaa kitenge changu cha Pasaka. Nikaonja wali, nikaonja ndizi, maharage, nyama, viazi, kuku, ugali, kila sufuria, kama siku zote. Dennis akasema jua limemchoma machoni, nirudie. Nikarudia. Akasema sasa anataka kwa karibu, mdomo tu. Nikarudia tena, tumbo limejaa, nikijua namsaidia mwanangu kazi. Kisha Angel akanikalisha kwenye kigoda akaniuliza, "Mama, asubuhi ya shughuli ukiamka unawaza nini?" Nikamjibu ukweli: "Chakula. Nawaza chakula tu, mpaka wageni washibe ndipo roho yangu inatulia."

Siku ya kuonyeshwa nilifunga biashara mapema. Nikawaita majirani, nikawaita madereva, Tulinagwe akashuka kutoka Igamba, nikawapa soda bure. Televisheni yangu ya ukutani nikaifuta vumbi kwa pindo la khanga. Tukakaa.

Ikapigwa ngoma ya kuchekesha, ile ya bum, bum, kama tembo anatembea. Nikatokea mimi natafuna. Mdomo wangu umejaa kioo kizima. Halafu wali, natafuna. Nyama, natafuna. Kuku, natafuna. Wamezitoa sufuria zote zile za watu, wamewatoa wageni, wamemtoa mtoto wa kipaimara na shela lake, wamebakiza meno yangu. Hata lile tonge la kurudia kwa ajili ya jua wamelipanga humo. Kisha nikasikia sauti yangu: "Chakula. Nawaza chakula tu." Wakakata hapo hapo. Wageni washibe, roho itulie, hayo yote hayapo.

Juu yangu wakaandika Kabla, na upande wa pili wa kioo, chini ya neno Baada, wakamweka binti mmoja, Pendo, mwembamba mpaka magoti yamemzidi mapaja. Akaonyeshwa anakunywa maji ya moto na tango. Asubuhi tango, jioni tango. Ukumbi mzima wa studio ukampigia makofi. Jaji wa kipindi akasema huyu ndiye mfano wa kuigwa, na mwili kama wangu ni ugonjwa. Mtoto wa watu macho yameingia ndani, anasimama kwa kushikilia kiti, wanamwita mfano! Na mimi niliyeamka alfajiri nikapikia kanisa zima naitwa ugonjwa.

Lakini siyo hayo yaliyonikata maini. Ni ile sauti inayosimulia. Ilikuwa inasema, "Huyu ni Imelda wa Tunduma. Imelda hajui kushiba." Nzuri, laini, kila neno limenyooshwa. Mimi ndiye niliyeifundisha ile sauti kusema mama.

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Dereva mmoja Mzambia, mtu mzima, aliweka chupa ya soda chini taratibu akasema, "Pole, Bamayo," yaani pole mama kwa lugha ya kwao. Nikazima televisheni. Tulinagwe akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikamwambia anyamaze.

Nilimpigia Angel asubuhi yake.

"Mama, ndiyo televisheni ilivyo. Ni burudani. Wakubwa ndio wanaandika."

"Na sauti ni ya mkubwa gani?"

"Ni kazi, mama."

"Ungeniambia, Angel. Ungesema, mama nataka nikakuchekeshee watu, ningejua naingia wapi. Wewe ulinikumbatia!"

Akakata simu. Akasema baadaye ni mtandao.

Mtaani sasa ikawa shida. Vijana wa bodaboda wakaanza kunipigia ile ngoma kwa mdomo nikipita: bum, bum. Hao niliwamudu, ulimi ninao. Lililoniuma ni mama mmoja aliyekuja kuniagiza nipike kwenye harusi ya mwanawe. Tulipomaliza kupatana, akainamia kiatu chake akasema, "Ila dada, kuonja aonje mtu mwingine. Watu watacheka." Nikamwambia akatafute mpishi mwingine pia. Nikaingia jikoni nikalia mpaka vitunguu vikaungua.

Kisha ikaja sendofu ya Angel mwenyewe, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa. Alikuwa anaolewa na Wilbard, kijana mtaratibu, mtoto wa Mzee Mhoja, mfugaji wa kule bondeni Momba. Siku walipoleta mahari tuliwaeleza mila yetu ya kuonja, na Mzee Mhoja akaipenda. Alisema, "Huyu mama akimeza, na sisi tutameza. Asipomeza, sisi tunarudi na ng'ombe wetu." Watu wakacheka, ila mzee hakucheka sana.

Angel alipoteremka kwenye basi nilisahau hasira kwa muda. Khaa! Mabega yamebaki mifupa, pete ya uchumba ameifunga uzi isidondoke. Nikamwandalia kande alizokuwa anazililia utotoni. Akazizungusha kwenye sahani kwa kijiko, akazipanga, akazipangua, akasema ameshiba.

"Umeshiba nini?"

"Mama, kule wanatupima. Mtangazaji akiongezeka anatolewa kwenye kioo. Na gauni limekatwa kwa kipimo."

Nikataka kumkumbatia. Hapo hapo akasema, haniangalii, "Mama, nina ombi. Utapika wewe. Lakini siku ile usionje. Kwa kina Wilbard wamekiona kile kipindi. Aonje mama Tulinagwe."

Nilidhani nilishaumia mpaka mwisho, kumbe mwisho haujafika. Mkono wangu anautaka, mdomo wangu anauonea haya. Na aliyeufanya ule mdomo kuwa aibu ni nani?

"Sawa," nikasema. "Mimi sitaonja."

Tulinagwe akakataa katakata. "Mimi sikupika. Nionje kinyongo cha nani?" Kwa mila yetu, mpishi asipoonja basi anabaki mwenye shughuli mwenyewe. Nikamwambia Angel, "Utaonja wewe." Akaniangalia kama niliyempa hukumu. Na kweli nilikuwa nampa hukumu, sitawadanganya. Nilitaka naye asimame pale, aonekane anatafuna.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, Igamba yote imeshuka, watu wa Momba wamevaa mashati mapya. Dennis yupo na kamera yake. Sufuria zikapangwa mbele. Mzee Mhoja akasimama na sahani tupu, wazee wenzake nyuma yake. Angel akaja na gauni lake, akashika mwiko wa bibi yake. Akachota wali, kidogo, akatia mdomoni.

Akatafuna. Akatafuna. Akaendelea kutafuna, na mimi nilikuwa karibu, nikaona koo lake linajaribu, linagoma. Macho yakamjaa maji. Akachukua leso, akaipeleka mdomoni kama anayejifuta, akatema.

Kila mtu aliona.

Jamani, kwetu kutema! Bora angekataa kuonja. Mwonjaji akitema, amesema mbele ya watu kwamba chakula kina kitu. Mzee Mhoja aliinama, akaweka sahani yake sakafuni. Wazee wote wa Momba wakaweka zao. Wilbard akasimama, uso umempauka. Mtu nyuma akasema kwa sauti, "Kuna nini humo?" Tulinagwe akajishika kichwa. Angel akageuka kunitafuta mimi. Hakuita, lakini mdomo wake ulifanya lile neno.

Niseme ukweli wa moyo wangu pale. Nilikuwa na uwezo wa kukaa. Aliniambia nisionje, nami ni mtu wa neno langu. Ningekaa tu, mikono kwenye mapaja, ndoa ingevunjika mbele ya kamera, na nchi ingepata kipindi kingine. Kuna sehemu yangu ilitaka hivyo, tena sehemu kubwa.

Nikasimama. Nikafunga khanga vizuri, nikamnyang'anya Angel mwiko.

"Dennis!" nikaita. "Washa hicho kitu chako. Njoo karibu. Mdomo tu, si ndivyo unavyopenda?"

Nikachota wali, tonge la kueleweka, nikatafuna, nikameza. Nikachota nyama. Simu zikapanda juu ukumbi mzima. Kuna mtoto wa mtu akaanza, bum, bum, na wenzake wakacheka. Nikachota kuku. Nikachota maharage, ndizi, viazi, ugali. Sikuharakisha, sikuruka sufuria hata moja. Machozi yalikuwa yananitoka, yananichuruzikia mpaka kidevuni, na nikaendelea kutafuna nayo. Nilipomeza la mwisho nikamgeukia Mzee Mhoja, nikafungua mdomo wangu wote aone.

Mzee akauangalia. Akaiokota sahani yake, akaipangusa kwa kiganja.

"Sasa tule," akasema.

Na watu wakala. Kelele za vijiko zikarudi, mpiga muziki akapata akili, Wilbard akakaa. Angel hakukaa. Nikamshika mkono, ule mkono usio na nyama, nikamvuta mpaka jikoni na gauni lake lote. Dennis alitufuata na kamera. Nikamfungia mlango usoni.

"Mama, asante," Angel akasema.

"Usinishukuru. Kula."

"Haishuki, mama. Najaribu, haishuki. Siyo kwamba sitaki. Nimeshindwa." Akainamisha kichwa. "Nilisema hujui kushiba. Nilikuwa nasoma maneno yale na tumbo langu linaunguruma, wakaniambia nirudie, kipaza sauti kinalinasa."

Nilitaka kumzaba kibao, na nilitaka kumbeba mgongoni kama zamani, na yote mawili kwa wakati mmoja. Hata leo sijamsamehe. Watu wananiambia nimsamehe, ni mtoto, ni kazi, ni televisheni. Wao hawakuisikia ile sauti kama nilivyoisikia mimi.

Kulikuwa na uji wa mchele pembeni ya jiko, nilioupikia wazee wasio na meno. Nikachota kwenye bakuli, nikapuliza. Angel akakitazama kijiko kama anayetazama kitu kitakachomuua.

Basi nikala mimi kwanza, mbele yake. Nikameza, nikafungua mdomo aone. Kisha nikachota tena, nikampelekea yeye.