Bega la Madam Vauclair

Madam Hortense Vauclair alifariki mwezi wa pili, na Paris aliyoivalisha miaka thelathini ikamlilia. Aliacha gauni moja ambalo halijashonwa, bado la pamba ya majaribio, limejaa pini. Mrithi wake Thibault, mtoto wa kaka yake, hakuumauma maneno: gauni hilo likipendeza kwenye maonyesho ya Alhamisi, kazi itaendelea, lisipopendeza, anauza jengo la ushonaji. Mafundi kumi na wanane wakamtazama Solange, mkuu wao.

Solange alikata hariri kwa kufuata gauni hilo la pamba, akashona siku tatu. Jumanne akaivisha sanamu ya kupimia nguo. Gauni lilining'inia kama shuka kwenye kamba.

"Limepooza," alisema fundi mwenzake Georgette, ambaye hakujua kupamba maneno. "Umelifanya nini, shoga?"

"Nimenyoosha tu bega la kushoto. Lilikuwa limeshuka vidole viwili. Maskini, alikuwa mgonjwa, mikono ikimtetemeka."

"Mikono gani! Ulimwona lini Madam akitumia sanamu? Alijizungushia kitambaa mwilini mwake mwenyewe, mbele ya kioo. Na bega lake la kushoto lilikuwaje?"

Solange akakaa kitako. Bega lile, lililolemaa na kushuka kwa kuinamia cherehani tangu usichana, alikuwa akiliona kila siku. Lakini mabega ya nguo Madam aliyamalizia mwenyewe, fundi hakuruhusiwa kugusa, hivyo Solange hakuwahi kujua kwamba yalifuata bega hilo. Ujuzi wa Solange ndio uliomponza: amezoea kunyoosha kila kilichopinda. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua.

Alhamisi, Thibault alikaa mbele amekunja mikono. Mwanamitindo alipoingia, hariri iliteremka kutoka bega la chini hadi nyongani bila kusita. Thibault akasimama.

"Shangazi," alisema, akilitazama bega lile.

Wageni walipoondoka, alipanda hadi chumba cha mafundi, macho mekundu.

"Siuzi. Lakini sasa mtashona nini? Hakuacha gauni jingine."

Solange alivua koti lake jeupe la kazi, akasimama mbele ya kioo na tumbo lake lililobeba watoto wanne, akajizungushia kitambaa cha pamba.

"Georgette, lete pini. Na usinicheke."

"Kucheka nitacheka," alisema Georgette, akipiga magoti karibu yake. "Haya, simama vile unavyosimama siku zote."