Mbao za Mgrivilea kwenye Kichanja cha Kahawa

Mgrivilea wa marehemu mume wangu Antoni tuliuangusha Septemba, kahawa ya mwisho ilipokwisha kuchumwa. Aliupanda katikati ya mibuni mwaka aliozaliwa binti yetu Beata. Alisema mti huo utaipa kahawa kivuli, kisha utampa Beata meza. Kivuli ulikitoa. Meza ilikuwa bado, na Antoni hayupo.

Beata ameolewa Lituhi, ziwani. Nyumba yake mpya ilikuwa na kila kitu isipokuwa meza ya kulia. Mama mkwe wake, Kunigunda, ni mtu wa maneno. Alimwambia mbele ya wageni, "Nyie Wamatengo mna miti mlima mzima, na mkwe wangu ananilisha mkekani." Beata akanipigia simu siku hiyohiyo.

"Mama, nataka meza ya baba. Krismasi wanakuja kula kwangu wote."

"Utaipata."

"Ya mti wa baba. Usiniletee ya dukani."

"Nimeshasema utaipata. Kata simu, nina kazi."

Mimi si seremala wa kusomea. Nina stashahada ya kilimo na nimekuwa bibi shamba miaka ishirini na miwili. Useremala niliuanza siku vichanja vyangu vya kuanikia kahawa vilipooza miguu na fundi akaniambia nisubiri wiki tatu. Nilinunua msumeno na nyundo, nikavitengeneza mwenyewe. Baadaye nikapata randa, patasi na jiriwa, nikaligeuza banda la nyuma ya jiko kuwa karakana. Milango ya nyumba yangu nimeitengeneza mimi, na inafungwa.

Gogo la Antoni lilitoa mbao kumi na mbili za inchi moja, kila moja mita mbili na nusu. Mti ulikuwa mmoja tu. Mbao hizo zikiharibika, meza ya baba yake Beata haitakuwepo tena, hata nikinunua msitu.

Nilimwita Bernadi, fundi wa siku nyingi pale mjini Mbinga, anitazamie. Alizigonga kwa kidole, akanusa.

"Mama Beata, hizi mbichi kabisa. Ziweke ghalani, kivulini, uzitenganishe kwa vijiti hewa ipite katikati. Mwakani Julai tutazungumza."

"Julai? Mimi nataka Krismasi."

"Krismasi pika pilau. Meza Julai."

"Bernadi, nimekausha kahawa tangu wewe unajifunza kunoa patasi. Kukausha unanifundisha mimi?"

Alicheka, akapanda pikipiki yake akaenda zake. Hakubishana. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

Vichanja vilikuwa vitupu, jua la Oktoba lilikuwa kali, na mimi nilikuwa na haraka. Nikazipanga mbao zote kumi na mbili juu ya nyavu, kama ninavyopanga kahawa. Asubuhi nazigeuza, saa sita nazigeuza, jioni nazigeuza tena. Siku ya nne alipita shemeji yangu Alphonce, mdogo wake Antoni, na jembe begani.

"Shemeji, unaanika au unakaanga?"

"Pita, Alphonce."

"Napita. Nasikia tu harufu, nikadhani chakula tayari."

Siku ya sita nilisikia mlio, kama mtu amevunja kijiti. Nikajifanya sijasikia. Siku ya tisa hata kipofu angeona. Miisho ya mbao ilikuwa imepasuka, nyufa nyingine za urefu wa mkono mzima. Zilizokaa pembeni, penye jua zaidi, zilikuwa zimejikunja kama mtumbwi. Nilizihesabu. Saba zilikuwa mbovu. Tano, zile za katikati zilizokuwa zikipata kivuli cha mparachichi kuanzia adhuhuri, zilikuwa nzima.

Beata alifika Jumamosi hiyo bila taarifa, amepanda gari la mizigo ya dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Meza yako nimeiharibu."

Huwa sizunguki. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye vichanja. Aliinua ubao mmoja uliopasuka, akautazama, akaurudisha taratibu kana kwamba unaweza kuumia.

"Zote?"

"Saba."

"Fundi Bernadi alikwambia uzianike hivi?"

"Aliniambia nisizianike."

Alipitisha kidole kwenye ufa mmoja hadi mwisho wake. Afadhali angenipigia kelele. Kisha akasema, "Mama, ingekuwa mimi nimefanya hivi ungenitangaza kanisani."

"Ningetangaza. Twende kwa Bernadi."

Tulimkuta Bernadi anapiga msasa kitanda. Nilimweleza yote mbele ya vijana wake wawili, na vijana wakainamisha vichwa ili nisiwaone wanavyocheka. Bernadi hakucheka.

"Mama Beata, kahawa yenye ganda unaifunika saa sita mchana. Kwa nini?"

"Ganda lisipasuke."

"Nani alikufundisha?"

"Mimi ndiye ninayewafundisha wakulima."

"Basi mbao nayo ina ganda. Jua linakausha nje wakati ndani kungali na maji. Nje kunavuta, ndani kunakataa, inapasuka. Hilo ulilijua, ila uliliacha kwenye kahawa."

Beata alinitazama. Nikauliza lililobaki. "Meza inapatikana au haipatikani?"

Bernadi alichora sakafuni kwa chaki. Mbao nne nzima, zikirandwa na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, zinatoa uso wa meza wa watu wanane. Ya tano inatoa fremu. Miguu itatoka kwenye zile mbovu: unazichana katikati kufuata urefu, unakata penye nyufa, unagundisha vipande viwiliviwili. Hesabu ilitosha kamili, hadi ubao wa mwisho. Hakukuwa na ziada ya kukosea mara ya pili.

"Lakini si Krismasi," akasema.

"Si Krismasi," nikasema. Ilinibidi niliseme mwenyewe, Beata alisikie kutoka kwangu.

Mbao tano ziliingia ghalani pamoja na vipande vya miguu, zikapangwa juu ya vijiti vya unene mmoja, na mawe juu yake zisijikunje. Miisho niliipaka rangi ya mafuta ili maji yasitoke huko haraka. Bernadi alinikatia kipande kidogo cha mbao hizohizo. "Hiki kipime kwenye mizani kila Jumapili, uandike. Kikiacha kupungua, mbao zimekauka. Kabla ya hapo usiguse randa."

Kipande kilianza na gramu mia nane na arobaini. Niliandika uzito juu yake kwa penseli, Jumapili baada ya Jumapili.

Kwa vipande vifupi vilivyobaki nilitengeneza stuli sita, maana vidogo hukauka upesi. Krismasi nilizipeleka Lituhi mwenyewe. Watu walikaa juu ya stuli, sahani magotini, sufuria ya samaki aina ya mbasa chini mkekani. Kunigunda alizunguka chumba chote kwa macho.

"Viti vimetangulia," akasema. "Meza inakuja kwa miguu?"

"Inakuja kwa miguu minne, mkwe wangu. Ndiyo maana inachelewa."

Watu walicheka, yeye pia. Beata hakucheka. Aliinuka akaongeza wali kwenye sahani ambazo hazikuwa zimeisha.

Januari kipande kiliongezeka gramu nne. Mvua ya Mbinga inaingia hata ndani ya mfuko wa koti. Beata alipiga simu.

"Kimefika ngapi?"

"Kimepanda."

"Kimepanda?"

"Nimekwambia kimepanda. Na mimi nasubiri kama wewe."

Februari Alphonce alinishauri niwashe moto mdogo ghalani kuharakisha. Nilimfukuza. Julai kipande kilisoma mia sita na kumi. Jumapili iliyofuata, mia sita na kumi. Iliyofuata tena, ileile. Jumatatu nikashika randa.

Niliziranda mbao nne mpaka zikanyooka, nikazigundisha ubavu kwa ubavu na kuzibana siku mbili. Fremu niliichonga ndimi za kuingia miguuni, miguu nikaitoboa matundu kwa patasi, na kila ulimi nikaujaribu mara tatu kabla ya kutia gundi. Nilipotaka kukaza uso juu ya fremu kwa skrubu, Bernadi alinishika mkono.

"Lituhi kuna joto. Mbao hii imezoea baridi ya kwetu, itasinyaa kidogo kule. Matundu ya skrubu yafanye marefu, ipate pa kutembea. Usiibane kama jeneza."

Safari hii nilimsikiliza. Niliyafanya marefu.

Agosti tuliishusha Lituhi kwenye Fuso, uso mbali, fremu mbali, vimefungwa kwa magodoro. Tuliiunganisha sebuleni kwa Beata. Nilimwambia Kunigunda asije kwanza, aje baada ya wiki sita. Kama ni kupasuka, nilitaka ipasuke tukiwa wenyewe.

Wiki ya sita nilirudi. Nilipiga magoti nikaingia chini na tochi. Skrubu zilikuwa zimesogea kwenye matundu yake, kama unene wa ukucha. Uso haukuwa na ufa hata mmoja.

Kunigunda alikuja mchana na dada zake wawili. Alikaa kwenye stuli, akaweka viwiko vyote viwili mezani, akaiegemea kwa uzito wake wote. Haikulia.

"Huu ndio mti wa baba yako?" akamuuliza Beata.

"Ndio, mama."

"Umechelewa."

"Ulikuwa unakauka," Beata akajibu, akaleta sufuria ya samaki ikitoka motoni. Akasita, akatafuta cha kuiweka juu yake, uso usiungue. Nilitoa kipande kile cha kupima mkobani, kimejaa tarakimu za penseli pande zote, nikakiweka katikati ya meza. Sufuria ikakaa juu yake.