Majibu ya Maji ya Chiriku
Kijiko kiligonga shingo ya chupa gizani, kisha mama mkwe akakohoa. Nikadhani anakunywa dawa yake ya kifua. Nikabaki na mkono juu ya paji la mwanangu, lililokuwa na joto tena.

Tunamwita Chiriku kwa domo lake. Tangu uchanga ana mrija chini ya ngozi, unaoshusha maji ya kichwani hadi tumboni. Juzi domo lilikoma. Kulipokucha tukampeleka hospitali. Daktari akauliza kama mwanga unamuuma macho, maana wadudu wakifika kwenye ubongo hujionyesha hivyo; nikasema hapana. Akachoma sindano kwenye mrija, nyuma ya sikio, akavuta maji maangavu kama ya mvua.

Jibu la kwanza: chembe nyeupe zimezidi kidogo.

“Huenda ni wadudu,” daktari alisema. “Huenda mwili unaununia mrija tu. Tuyaoteshe maji maabara, tuone kama wadudu watakua.”

Yakaoteshwa. Hakikuota kitu.

Mama mkwe alipiga kigelegele, muuguzi akamwambia, “Bibi, hii wodi, si harusi!” Hata mimi nikacheka. Nilishaanza kukunja nguo za Chiriku.

Daktari hakucheka. “Kabla ya kuja, alikunywa dawa yoyote?”

“Hapana,” nikasema.

Mama mkwe akavuta mtandio wake mdomoni. “Ile ya masikio, iliyobaki alipougua. Nilimpa usiku, mama yake aliposinzia. Kidogo tu, baba. Mtoto alikuwa anaungua.”

Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda. “Bibi, ile huwalegeza wadudu bila kuwamaliza. Hawaoti maabara, lakini kwenye mrija wamo. Jibu hili siwezi kuliamini tena.”

“Kwa hiyo wamo?” nikauliza.

“Sijui, mama. Ndiyo shida. Niutoe mrija leo, apasuliwe, na baadaye apasuliwe tena kuwekewa mwingine, pengine bure. Au tuchukue maji mengine tungoje. Kama wamo, watakuwa wametutangulia.”

“Nimemwua mjukuu wangu,” mama mkwe akanong’ona.

“Hujamwua mtu, mama.” Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Hasira sikuwa nayo, na laiti ningekuwa nayo, ningepata pa kujishikiza. Nilitaka kungoja. Mungu anajua nilivyotaka. Karatasi imesema hakuna kitu. Mama gani hataki kuiamini?

“Tungoje,” nikasema.

Muuguzi akafungua pazia la dirisha ili aone mshipa wa kutolea damu. Chiriku akajifunika macho kwa viganja.

“Mama, mwanga unaniuma.”