Bitana ya Kifuko

Fundi Pengo hakupewa jina hilo kwa kuonewa. Pengo alikuwa nalo kweli, juu kulia, pale ambapo wenzake wana chonge. Jino la utoto lilimtoka akiwa darasa la tano, la ukubwani likagoma kuja. Mama yake akamwambia, "Litaota tu, lina haya." Miaka thelathini na tatu ikapita, jino na haya yake, na fundi akajifunza kulitumia lile pengo: pini nne zilikaa hapo bila kumchoma ulimi, huku akikupima kiuno na kukutania kitambi chako.

Kwa hiyo ufizi ulipoanza kuvimba juu ya pengo, alizilaumu pini. Akasukutua kwa maji ya chumvi. Uvimbe ukamsikiliza, kisha ukaendelea na shughuli zake. Ulipofika kuinua pembe ya pua, mkewe aliweka pasi pembeni akamtazama vizuri.

"Baba watoto, uso umekupinda kama kola iliyoshonwa na mtu anayesinzia. Kesho hospitali."

Daktari wa meno, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimpiga picha ya taya akaiweka kwenye mwanga. "Unaona hapa peusi? Ni kifuko. Na hiki cheupe kilicholala ndani yake ni jino lako."

Fundi akatazama. Kweli jino lake, limejilaza ubavu humo ndani, limestarehe kama mgeni asiyejua kuaga.

"Mifuko nashona mimi, daktari. Hiki kanishonea nani?"

"Umejishonea mwenyewe. Jino likishindwa kutoka, ile ngozi inayolizunguka inaweza kujaa maji, ikasukuma mfupa polepole. Tutakitoa kwa ganzi."

"Halafu yamekwisha."

Daktari hakusema yamekwisha. Alisema vifuko vya taya kwa nje hufanana, na picha peke yake haiwezi kuvitofautisha. Kuna vya upole, kuna vinavyorudi hata vikitolewa, na kuna uvimbe mbaya unaojifanya kifuko. "Ndiyo maana tunakipeleka maabara. Wanakikata vipande vyembamba sana, wanaitazama kwa darubini ile ngozi ya ndani."

"Bitana," fundi akasema.

"Haya, bitana. Majibu wiki mbili."

Hapo mzaha ukamkauka mdomoni. Alikuwa ameshona miaka ishirini, alijua koti husifiwa kwa nje lakini ukweli wake uko kwenye bitana. Kifo chenyewe hakikumtisha sana, au alijidanganya hivyo. Kilichomtisha ni mama yake. Bibi yule alishazika watoto wawili, akabaki na huyu mmoja. Macho yalikuwa yamefifia, akikaa chumba cha nyuma ya duka, kazi yake kupachika vifungo kwa kupapasa. Leo azike na wa tatu? Fundi akamwapisha mkewe: mama asisikie neno mpaka majibu yatoke. Kifuko kikatolewa, kikaenda maabara, na mama akaambiwa lilikuwa jipu la fizi, limetumbuliwa.

"Alaa," mama akasema, akaomba apewe uzi.

Wiki mbili zile mikono ya fundi ilikuwa dukani, akili imehamia maabara. Kulikuwa na oda ya kaptura za shule. Jioni moja akashika kaptura aikunje, akatia mkono mfukoni, mkono ukagota. Mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa, tena mshono mzuri, umerudiwa mara mbili. Akazipapasa nyingine. Kumi na mbili, zote vilevile. Kwa aibu akazitupia kapuni azifumue kesho. Kesho yake, alipozirudia baada ya chakula cha mchana, mifuko yote ilikuwa wazi, hata vipande vya nyuzi vimeokotwa. Akajua ni mkewe. Akamshukuru moyoni.

Siku ya majibu daktari aliisoma karatasi kwanza, taratibu, na fundi akahesabu vigae vya ukutani hadi kumi na saba.

"Kifuko cha jino, cha kawaida," daktari akasema. "Bitana nyembamba, safi. Hakuna saratani. Miezi sita ijayo urudi tupige picha, tuone mfupa unavyojaa."

Fundi akalia palepale kitini, mtu mzima na ndevu zake. Daktari akampa kitambaa, akampa na kichupa. Ndani yake lilikuwamo jino, limeoshwa likatakata.

Nyumbani alipitiliza hadi chumba cha nyuma, akaliweka jino kiganjani mwa mama yake. "Chonge langu hilo, mama. Limeota."

Mama akalipapasa kutoka nchani hadi mzizini. "Nilikwambia lina haya."

Fundi akacheka, kisha akamweleza yote: kifuko, maabara, kaptura mkewe alizomfumulia, na kwamba alimficha ili asimtie wasiwasi.

"Mkeo hajui kufumua mshono uliorudiwa," mama akasema. "Hukata na kitambaa. Kaptura kumi na mbili nimezifumua mimi, mwanangu, wewe ukiwa unakula. Mtu akianza kuishona mifuko mdomo, kuna neno amelifungia."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Mama akalirudisha jino kwenye kichupa, akatafuta kifuniko kwa vidole, akakikaza.

"Niliogopa utanijibu."