Mishubiri ya Nyuma ya Chumba cha Pasi

Katika hoteli ile, wafua nguo hawakuruhusiwa kukanyaga mapokezi. Njia yao ilikuwa mlango wa nyuma, na nje ya mlango huo ndipo Shangazi alipopanda mishubiri yake mitano, ndani ya makopo ya rangi yaliyotobolewa chini.

Hakuwa shangazi wa mtu pale. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa ameshika pasi miaka ishirini na miwili, na ulimi wake haukuwa na breki. Ila mtu akiungua, kwake ndiko alikokimbilia. Angekushika mkono, akauweka chini ya bomba mpaka uchoke kulalamika, ndipo akate jani. Hakulipaka papo hapo. Alilisimamisha kwanza kwenye ndoo, utomvu wa njano uchuruzike wote, maana huo ndio mchungu na ndio unaowasha. Kisha alimenya, akakubandika ule ute wa baridi. Wanga na sabuni vilikuwa vimewapasua vidole wote, na kila jioni walijipaka kabla ya kutoka. Wasafisha vyumba waliomba ute wa chunusi. Mlinzi naye alikuja kwa aibu, kidevu kimejaa vipele vya wembe. Aliyeomba wa kunywa alitimuliwa: "Tumbo lako mimi nalijulia wapi? Nenda kwa daktari!"

Meneja mpya alipoyaona makopo yale, alikunja uso.

"Wakubwa wanakuja Alhamisi. Uchafu huu ung'olewe."

"Bwana meneja, hiyo ni dawa yetu."

"Dawa ziko kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Hapa ni hotelini, mama, si kwa mganga."

Mtunza bustani aling'oa huku akikwepa macho ya Shangazi. Shangazi alirudi kwenye pasi yake. Waliomjua waliogopa.

Alhamisi asubuhi, mpira wa pasi ya mvuke ulichomoka mezani kwa Mama Pacha, mpiga pasi mwenzao. Mvuke ulimbabua mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Shangazi alimburuta hadi bombani, akamshikilia pale huku mwenzake akipiga mayowe. Malengelenge yalipoanza kutuna, alijua hili si la jani, hata kama mishubiri ingekuwepo. Hili lilitaka hospitali, na kitambaa safi cha kufunika.

"Leteni sanduku!"

"Limefungwa," alijibu mmoja. "Ufunguo anao meneja."

Shangazi alilinyofoa sanduku ukutani, misumari na vyote. "Mkono usitoke kwenye maji," aliwaambia, akalibana kwapani na kushika njia ya mapokezi. Kandambili zake zililia cha-cha-cha juu ya marumaru. Msichana wa mapokezi alisimama, "Shangazi, huku hamruhusiwi—"

"Nimeshapita."

Meneja alikuwa mezani na wakubwa wake watatu, vikombe vya chai mbele yao. Shangazi alilitua sanduku katikati ya vikombe.

"Fungua."

"Mama, tuko kwenye kikao."

"Mwenzangu ameungua. Fungua."

Meneja alipapasa mifuko akitafuta ufunguo. Kifuniko kikainuka: mkasi wenye kutu, kopo tupu la marhamu, na mende aliyekufa zamani. Mmoja wa wakubwa akatazama pembeni.

"Unajua naweza kukufukuza kazi?" meneja alisema kwa sauti ya chini.

"Nifukuze. Ila kwanza toa gari."

Gari likatoka. Mama Pacha alifungwa mkono hospitali, na Shangazi akarudi kukuta barua ya onyo: amepita mapokezi bila ruhusa. Aliisoma mara mbili, kisha akaomba kalamu.

"Nitatia sahihi ukiandika na kilichokuwa ndani ya sanduku. Na mende usimsahau."

Meneja hakuandika. Barua haijatiwa sahihi mpaka leo.

Kesho yake mtunza bustani alikuja na gunia. Mishubiri ilikuwa humo, mizima, mizizi imeviringishwa gazeti. "Ningeitupaje, Shangazi? Mama yangu ameungua mara ngapi jikoni, na dawa yake ni hii hii!" Shangazi hakusubiri giza wala mapumziko. Saa nne asubuhi, amevaa sare, alipiga magoti nje ya mlango wa nyuma na kupanda mmoja mmoja, huku meneja akimtazama dirishani.

Baada ya wiki tatu Mama Pacha alirudi, mkono umebaki na baka jepesi. Sanduku jipya lilikuwa ukutani, limejaa, halina kufuli. Meneja alipita siku hiyohiyo, akasimama mbele ya makopo.

"Angalau yasogezwe. Wageni wasiyaone."

"Basi wageni wasipitie kwa wafua nguo," alisema Shangazi, akaichukua pasi yake na kuendelea na shuka lililokuwa mezani.