Mtu wa Mwisho Kwenye Kamba

Niliota usiku wa jana kwamba nimeingia masjala kutafuta faili la Lwitiko, nikalikuta limelala sakafuni, linahema na kutokwa jasho.

"Umekuja na viatu gani?" likaniuliza.

Nikatazama miguuni. Ndala. Nikalijibu hivyo, nalo likaandika.

Lwitiko Mwasandube alikuwa mwenzangu wa kazi, meza ya pili kutoka yangu. Miaka miwili tulisalimiana tu. Kisha tukapangwa timu moja ya kuvuta kamba, michezo ya Mei Mosi, tukawa marafiki wa kufa na kuzikana. Alifariki Agosti, na kumzika nimemzika.

Kutahamaki, masjala ni uwanja. Rafu zimekuwa jukwaa, na mafaili yamekaa humo yanatafuna karanga. Upande wa pili wako vijana wa idara ya Ujenzi, wapinzani wetu wa fainali, wamekaza. Mimi ni wa saba. Nyuma yangu ni Lwitiko, mtu wa mwisho, kamba imemzunguka mgongoni na begani kama kanuni inavyotaka. Amevaa suti tuliyomzikia.

"Bwana, wewe si ulikufa?" nikamuuliza.

"Nilikufa. Ila mchezo haujaisha. Mtu wa mwisho hajifungui mpaka filimbi, kanuni unaijua."

Mwamuzi ni birika la bluu la nyumbani kwake, lile linalopiga filimbi maji yakichemka, lililotuchemshia chai kila tulipotoka mazoezini.

"Piga filimbi basi, marehemu akapumzike," nikaliambia.

"Siwezi. Kuna mtu aliachia kamba na hajajitaja. Mimi nimeziba mdomo tangu Agosti."

Mafaili yakaacha kutafuna.

Niseme hapa, kwa kuwa pale nilishindwa. Miaka minne iliyopita, kwenye fainali, viganja viliniuma, nikaachia. Sasa mtu aliyejizungushia kamba ataiachia vipi? Lwitiko aliburutwa kifudifudi mpaka mstarini, bega likateguka. Watu walipouliza, nikasema ameteleza. Ndipo akaitwa Sabuni, na wa kwanza kumwita hivyo nilikuwa mimi. Hata msibani, nilipopewa nafasi ya kusoma salamu za ofisi, nilisimulia kisa cha Sabuni na waombolezaji wakacheka. Tusekile, mkewe, hakucheka. Naona haya hata kuandika haya.

Basi nafungua kinywa nikiri. Kinatoka kile kile kisa cha Sabuni, neno kwa neno. Mafaili yanacheka mpaka mengine yanadondoka. Najaribu tena, kinatoka tena, safari hii na mbwembwe zaidi.

"Hebu pumzika," akasema Lwitiko. "Mimi nilikuwa nyuma yako, Zeno. Mtu wa mwisho anaona viwiko vya wote. Nilikuona ukiachia."

"Miaka yote minne ulikuwa unajua?"

"Kwani mafaili ya rafu ya juu alikuwa ananishushia nani? Mkono haukupanda tena."

Nilidhani ni uvivu. Nilikuwa namtania kwa hilo pia.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeona aibu kuja nyumbani. Mpira wa Jumamosi ningetazama na nani?"

Nikaishika kamba kwa nguvu ambazo siku ya fainali sikuwa nazo, kana kwamba ingesaidia kitu. Birika likapata moto, kifuniko kikatetemeka, lakini filimbi haikutoka.

"Hapa hapatoshi," likasema. "Kajitaje kwa yule ambaye hakucheka."

Nikaamka saa kumi na mbili na robo, viganja vinawaka. Mke wangu akaniuliza mbona nimekunja ngumi. Nikachukua simu nikampigia Tusekile kabla sijapata muda wa kuogopa.

"Shemeji? Kwema huko?"

"Kwema. Shemeji, Lwitiko hakuteleza. Niliachia kamba mimi, kisha nikamsingizia."

Nikasikia akiweka kikombe mezani.

"Najua," akasema. "Alinikataza nisikuulize."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikawa natafuta maneno ya kuomba radhi, na huko nyuma yake kitu kikaanza kupiga filimbi, kali na ndefu.

"Ngoja nikaepue birika, shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sijui limepatwa na nini leo. Halijapiga filimbi tangu Agosti."